Kipimo Juu ya Kikwembe

Nikiwa na miaka ishirini nilitengeneza goti la chuma lisilo na kosa hata moja, na mguu wa bandia niliolifungia ukamtoa mama mmoja damu. Nimeiandika sentensi hii mara nyingi nikijaribu kuilainisha. Nimeshindwa. Acha ibaki hivyo.

Karakana yetu ya miguu ya bandia ilikuwa Kamembe, mpakani mwa Rwanda, nyuma ya parokia, vyumba viwili vya mabati. Vita vilikuwa bado vinaendelea Congo, ng'ambo ya mto, na waliokanyaga mabomu ya ardhini walitufikia kutoka pande zote mbili za daraja. Mimi sikusomea kazi ile. Nilikulia Bukavu, ng'ambo hiyo ya Congo. Baada ya mauaji ya kimbari wazazi wangu waliamua turudi kwao Rwanda, na shule yangu ikakatikia njiani. Nilichojua ni kutengeneza baiskeli. Mzee mwenye karakana alinichukua kwa sababu ya mikono yangu, na mengine niliyaokota katika kitabu cha Kifaransa chenye michoro, neno kwa neno, kamusi pembeni.

Ndani ya kitabu hicho mtu alikuwa amesahau kurasa chache za gazeti la sayansi. Zilieleza kwamba siku zijazo mguu wa bandia utasikiliza mishipa ya fahamu: mtu atawaza kutembea, nao utatembea, mpaka mwili na mashine visiweze kutenganishwa. Nilizisoma hadi zikachakaa. Ziliniogopesha, na bado nilitaka niwe mmoja wa watakaozifikisha siku hizo. Niliogopa jambo moja tu, kwamba chuma changu hakitaustahili mwili wa mtu.

Yule mama alikuwa akiuza unga wa muhogo. Aliununua Gashonga, huko milimani, akauvusha daraja hadi Bukavu, mpaka siku alipokanyaga bomu akikimbia mapigano upande wa pili. Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti. Daktari alimwonya kwamba kigutu kilichobaki kikioza watakata hadi nyonga, na hapo hakuna mguu wa bandia utakaoweza kushika.

Kwa kawaida akina mama walihudumiwa na mke wa mzee, nyuma ya pazia. Yeye ndiye aliyewavisha soksi nyembamba na kuzungusha bandeji za plasta zinazochukua umbo la kigutu. Siku ile yeye na mzee walikuwa wamekwenda mazishi Giheke. Ningemwambia mama arudi kesho. Lakini goti langu lilikuwa tayari juu ya meza, nimelisugua wiki tatu, na sikuweza kungoja.

"Maman wa hapa iko wapi?" aliuliza.

"Ameenda mazishi, Maman. Lakini naweza mimi."

"Wewe?" Akanitazama toka juu hadi chini. "Wewe uko umri ya mutoto wangu wa tatu."

Kwenye benchi alikaa askari mmoja wa zamani mwenye magongo, aliyekuja kila siku hata bila haja. "Maman, acha apime, mie nitafunga macho," alisema. "Na mie, fundi, unitilie moteri kama ya gari, nipande Gashonga nikiwa nasinzia."

"Wewe funga mudomo kwanza, macho itafuata," mama akamjibu.

Kwetu kijana hamwambii mama wa rika la mama yake afunue paja. Mimi sikusema, naye hakufunua. Alikaa akakikaza kikwembe, kitenge alichojifunga, kwenye kigutu, kimekunjwa mara mbili, na mimi nikazungusha plasta juu ya kitambaa huku nikitazama ukuta. Nilijua. Kitabu kilisema ngozi na soksi nyembamba, basi. Nilijiambia nitapunguza baadaye kwa kukisia. Mimi niliyesugua pini moja siku tatu kwa sababu ilitoa sauti, nilikisia unene wa mwili wa mtu.

Siku ya kuujaribu mguu alitembea hatua kumi, na goti likajikunja kimya kabisa. Mzee alinishika bega. Askari alipiga makofi akasema, "Huyu sasa ni nusu gari!" Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Kisha nikaanza kumwona kila asubuhi akipita kwenda darajani. Kila siku alizidi kuegemea upande wa kulia.

"Maman, inakwenda aje?"

"Inaenda, papa. Ni mie ndiye sijazoea."

Aliniita papa, yaani baba, kama mama anavyomwita mwanawe. Nilijua hakuna cha kuzoea. Kigutu kilikuwa kinacheza ndani ya kikombe cha mguu kilichopaswa kukibana, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba, na kila hatua ilimchubua. Sikumwambia mzee. Niliogopa kupoteza sifa ile ya bega.

Wiki ya tatu aliingia akaniomba kitambaa, kwa sauti ya chini. Kikwembe kilikuwa na doa jekundu.

"Maman, kosa ni langu," nilisema. "Nilipima juu ya kikwembe."

"Sema tena."

Nilisema tena. Safari hii mzee alisikia, na askari pia.

"Kwa hiyo haiko mie?"

"Hapana, Maman."

"Kila asubuhi nagombeza hii nyama yangu. Naiambia, weye mujinga, mashini ya batu ba masomo haiwezi kukosea, ni weye hautaki kujifunza." Alicheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

Hapo niliipata hofu ambayo zile kurasa hazikuwa nayo. Chuma kinaweza kukosea, halafu mwili ndio ukakiomba radhi. Sijui watakaounganisha ubongo na mashine watazisikiaje radhi za namna hiyo, kwa sababu hutolewa kimya kimya, nyumbani, asubuhi.

Mzee hakunigombeza. Alikitazama kidonda pamoja na mkewe, akasema bado hakijaoza, akampeleka hospitali mwenyewe. Nilichukua msumeno nikakikata kile kikombe vipande viwili.

Ilipita zaidi ya miezi miwili kabla ngozi haijafunga. Alirudi kwa magongo, na mke wa mzee alikuwa tayari nyuma ya pazia na soksi mkononi.

"Hapana," mama alisema. "Wewe shika kikwembe tu. Apime yeye." Akaketi, akafunua hadi juu ya kovu. "Njoo. Na utazame."

Mke wa mzee aliguna, akakishika kikwembe. Niliweka kidole pembeni mwa kovu.

"Hapa panauma, Maman?"

"Kidogo."

"Hapa?"

"Aa! Hapo sana."

Nilichora alama kwa penseli, nikasogeza kidole, nikauliza tena. Nilipotaka kuanza plasta alinizuia mkono.

"Bado, papa. Kuna na huku nyuma."

Nikazunguka, nikapiga magoti nyuma yake, nikauliza.