Mlango Nilioupima kwa Mabega Yangu

Nakumbuka juma moja la makambi, mwanangu, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na mikono iliyodhani imeujua uashi wote. Kanisa letu dogo, kwenye mlima ulio juu ya Mosocho, lilikuwa linajiandaa kupokea waumini wa makanisa jirani kwa siku saba za mahubiri. Vyoo vya zamani vilikuwa vimeanza kutitia. Wazee wakaniita, wakanipa mimi kazi ya kuvibomoa na kujenga vipya.

Nilivijenga vizuri. Sisemi hivyo kwa kujigamba, maana hata leo kuta zake zimesimama. Kwa kuwa mahali papya nilipochagua palikuwa mteremkoni, niliviinua juu ya msingi wa mawe na kuweka ngazi nne mbele. Milango niliipima kwa mabega yangu: nilisimama, nikaweka kiganja kimoja kila upande, nikasema hapo panatosha. Niliifanya ifungukie ndani ili upepo usiipigepige. Watu walinisifu sana, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi watu wa Sabato tembo hatunywi, lakini sifa tunazinywa bila kupumua.

Siku ya tatu ya makambi, kwaya ikiwa katikati ya wimbo, Mwalimu Moraa alianguka.

Huyu mwalimu alinifundisha darasa la pili. Yeye ndiye aliyenishika vidole mpaka nikajua kushika penseli. Mguu wake mmoja ulipooza kwa polio akiwa mtoto, naye alitembea kwa magongo mawili. Tulikuwa tumemzoea hivyo, kiasi kwamba tulikuwa hatumwoni tena. Ndiyo hatari ya mazoea, mwanangu. Macho yanabaki wazi ila hayaoni.

Tulimbeba hadi zahanati, mimi na Mzee Nyang'au, fundi aliyenifunza kazi. Daktari alimfinya ngozi ya mkono, akatazama jinsi ilivyokawia kurudi, akamwuliza alikunywa maji lini mara ya mwisho.

"Jana jioni," akajibu Mwalimu Moraa. "Kikombe kimoja."

"Na jua hili lote, mwalimu? Kwa nini?" nikamwuliza mimi, kwa upole wa mtu asiye na kosa.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo.

"Nisipokunywa, sihitaji kwenda chooni," akasema. "Choo chako mimi siwezi kukiingia. Zile ngazi labda ningezitambaa. Lakini nikifika juu, mlango unafungukia ndani, na mle ndani pana nafasi ya mtu mmoja. Mimi na magongo yangu ni kama watu watatu. Vile vya zamani vilikuwa vibovu, ila vilikuwa chini, palipo sawa. Hivyo niliviweza."

 Nikaona uso ukiniwaka, kwa maana nilielewa kwamba sikuwa nimeshindwa kumpa kitu tu. Nilikuwa nimemnyang'anya alichokuwa nacho.

Makambi yalipokwisha nikaamua kulipa kosa langu kwa wema. Hapa ndipo nataka unisikilize sana, kwa sababu kosa la kwanza watu wengi hulifanya, lakini hili la pili hufanywa na wale wenye moyo mzuri. Nilizivunja ngazi za choo cha mwisho, nikamwaga mteremko wa saruji mahali pake. Niliufanya mfupi ili usile nafasi ya ua. Nikausugua kwa mwiko hadi ukang'aa kama sahani. Mlango nikaupanua. Sikumwuliza mtu. Nilitaka iwe zawadi ya ghafla.

Sabato iliyofuata nilimwita mbele ya watu awe wa kwanza kuingia. Kulikuwa kumenyesha, kama kawaida yetu Kisii. Mwalimu Moraa aliutazama ule mteremko kwa muda mrefu. Sasa najua kwamba hakutaka kupanda. Alipanda kwa sababu kina mama walikuwa wanapiga makofi. Hatua ya tatu gongo likateleza, akaangukia mkono wa kulia, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Jioni hiyo Mzee Nyang'au alinikuta nimekaa juu ya mawe yaliyobaki. Hakukaa nami. Alisimama.

"Nani alikwambia mteremko uwe hivyo?"

"Hakuna, mzee. Niliona tu kwamba..."

"Uliona," akanikatiza. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe umelala lini kwenye kitanda cha Moraa? Mara ya kwanza ulimsahau, nikasema ni ujana. Mara hii ulimkumbuka, na bado hukumwuliza. Hii ndiyo iliyonichukiza."

Akaenda zake. Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake hakuwahi kunisema hivyo, na hakurudia tena.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu Moraa. Nilimkuta barazani, mkono umefungwa plasta, na uji wa wimbi kando yake.

"Nimekuja kuuliza," nikamwambia.

"Kuuliza nini?"

"Unavyoingia chooni, mwalimu."

Alicheka mpaka akaushika ule mkono unaouma. "Hilo si swali la kijana kwa mwalimu wake," akasema. "Lakini kaa. Uliza."

Kwa muda wa saa mbili alinifundisha, kama zamani darasani. Mteremko uwe mrefu na wa taratibu, na saruji ikiwa mbichi uchorwe kwa ufagio ili gongo lipate pa kushika. Mlango ufungukie nje. Ndani pawe na nafasi ya kugeuka, na bomba la kushikilia upande wa kulia, kwa sababu mguu wake wenye nguvu ni wa upande huo. Kiti kiinuliwe kidogo. Kisha akasema jambo ambalo nisingelifikiria hata ningeishi miaka mia: niweke misumari miwili mirefu ukutani ya kutundikia magongo, yasiguse sakafu ya choo. "Maana nikitoka," akasema, "hayo ndiyo ninayoyashika kwa mikono hii ninayolia chakula."

Nilibomoa, nikajenga mara ya tatu. Baada ya hapo wajawazito wakawa wanakwenda mlango huo, na wazee wenye magoti mabovu, na kina mama waliobeba watoto, mpaka Mwalimu Moraa akaanza kulalamika kwamba sasa anapanga foleni kwenye choo chake. Lakini ule mkono haukurudi kama ulivyokuwa. Hadi alipostaafu maandishi yake ubaoni yalikuwa yamelala upande, na kila nilipopita dirishani mwa darasa lake niliyaona.

Nakuambia haya kwa sababu juzi ulinionyesha programu ya simu unayotengeneza, ya wagonjwa kujiandikisha hospitali kabla ya kutoka nyumbani. Ni kazi njema. Ila herufi zake ni ndogo kama punje za wimbi, tena za kijivu juu ya nyeupe, na yote ni Kiingereza. Ulinieleza kwamba wenzako ofisini wameijaribu na wote wameiweza. Wenzako ni vijana, mwanangu, na wana macho.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujajenga, tafuta yule ambaye kazi yako itamfungia nje, ukae naye, umwulize. Asiyeona, asiyesikia, ambaye mikono yake inatetemeka, bibi asiyejua kusoma. Usimletee zawadi uliyoibuni peke yako. Mwache akufundishe, hata kama swali lina aibu, kwa maana kuuliza si ujinga. Na akikwambia ubomoe, bomoa.

Mungu akupe sikio refu kuliko mkono. Akujalie kuishi hadi uzee, na utakapozeeka, ukute watoto wa watu walikukumbuka walipokuwa wakijenga. Amina.