Mkongojo wa Bibi Severa Ulivyotekwa Kariakoo

Bibi yetu Severa aliporwa mkongojo mchana kweupe, katikati ya soko la Kariakoo, na watu wakapiga vigelegele.

Tulia nikusimulie.

Enzi za Mwingereza hizo, kabla ya vita vya Hitler. Severa, Mchagga wa Kibosho, alikuwa amesomea ualimu kwa masista kule Tabora. Mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni. Alikuja Dar kutibiwa, na siku hiyo ndiyo alikuwa anarudi Tabora kuanza kazi.

Treni ikimwacha, nafasi yake ya kazi anapewa mwingine.

Njia ya stesheni hakuijua. Kuuliza akaona haya. Akazunguka soko weee, kila akizunguka anaibukia kwa muuza uji yuleyule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unanizunguka kama nzi? Umetokea wapi?"

"Tabora," akanong'ona.

Lo! Yule mama, Mwanamkuu, Mzaramo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akaunyakua mkongojo.

"Mnyamwezi! Jamani, nimeteka mtani!"

Severa akakumbatia nguzo ya kibanda, kajikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Tabora ni kwa Wanyamwezi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani anakuteka, anakusimanga, na ukinuna umeharibu. Ila akishakuteka, shida yako ni yake.

Angesema tu, "Mimi Mchagga." Haya zikamzuia.

"Nawe teka chake, usizubae!" akadakia Hamis, hamali wa mkokoteni.

Severa akanyakua cha karibu: upawa wa uji.

Soko likalipuka kwa kicheko.

"Haya, mateka, unataka nini?"

"Treni."

"Ya leo? Hamis, leta gari! Huyu akiachwa atatumalizia muhogo!"

Akapakiwa juu ya magunia ya nazi. Hamis anasukuma, Mwanamkuu mbele anapunga mkongojo: "Pisheni! Mnyamwezi anarudishwa kwao!"

Wakawahi. Severa akapandishwa, upawa bado mkononi; mkongojo ukapitishiwa dirishani, treni ikaanza kusogea.

Hapo Severa, ambaye hajawahi kupaza sauti maishani, akatoa kichwa nje.

"Mama! Samahani! Mimi ni Mchagga!"

Mwanamkuu akashika kichwa.

"Mchaggaaa? Nimehangaika bure na Mchagga?" Akakimbilia behewa. "Nirudishie upawa wangu, mwizi wee!"

Treni hiyooo.

Ndugu yangu, ugenini sema shida yako mapema. Ukishindwa, omba utekwe na mwenye moyo.

Upawa upo jikoni kwetu Kibosho mpaka leo. Kama wewe ni mjukuu wa Mwanamkuu, njoo uuchukue.

Ila ukija, tunakuteka.