Uzubavu

Juzi sokoni Makanyagio mama mmoja alimkemea binti yake, "Acha kuzubaa!" Nikakumbuka mchana mmoja kule Kakese, tukipiga mpunga. Shangazi aliniita, nikachelewa kuitika, naye akamwambia mama, "Huyu mtoto ana uzubavu."

Nilidhani ni ugonjwa, kama homa iliyomchukua dada yangu. Nikajificha nyuma ya lundo la mabua yaliyonukia jua, nikijishika paji la uso, nikisubiri kufa. Mama alinikuta natetemeka.

"Mama, uzubavu unaua?"

Hakucheka. "Hauui, mwanangu. Ni kuwaza mbali tu, hata usisikie unapoitwa."

Hofu ikanitoka. Yeye, naelewa sasa, haikumtoka: alinishika mkono mpaka jua likazama, na mpunga ukabaki uwanjani.