Ilungu la Bibi Skola

Mwanangu Editha, katika siku zote za ujana wangu ipo moja inayonijia kila ninapokuona umeshika baiskeli. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, baridi ya Ufipa imekaza, na mimi nimevaa sweta mbili na kofia ya marehemu babu yako. Kesho kutwa unawapokea wageni wako wa kwanza, uwapitishe kwenye vijiji vyetu kwa baiskeli. Basi kaa hapa kidogo, mimi baba yako mkubwa nikusimulie. Hiyo ramani ya simu iweke mfukoni, haitakimbia.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na baiskeli ya Kichina, nzito kama ng'ombe, lakini yangu. Pale mjini Sumbawanga alikuwapo mwalimu aliyehamia kutoka Mbeya, Mwalimu Anyosisye, mtu mpole mwenye kupenda kuuliza. Rafiki zake wa mbali walikuwa wamemwandikia barua kwamba wanataka kuja kuzunguka Ufipa kwa baiskeli, polepole, kwa njia zisizo na magari, waone vijiji vya kale na malungu. Ilungu, wewe unajua lakini wageni wako hawajui, ni lile tanuri refu la udongo ambalo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Mwalimu alihitaji mtu wa kuwaongoza, kiangazi kile na viangazi vingine. Mimi niliitaka kazi ile kuliko nilivyotaka mke, na mke nilimtaka sana.

"Wewe mzaliwa wa Kasense," akaniuliza, "malungu ya huko ukingoni mwa Ufipa unayajua?"

"Mwalimu, mimi ni Mfipa," nikamjibu.

Umeliona jibu hilo? Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijaliona hata moja kwa macho yangu. Baba aliwahi kunionyesha kwa kidole tu, kule, na hiyo kule yake ilikuwa nusu ya mkoa. Tukakubaliana twende kwanza sisi wawili, Mwalimu aione njia na anione mimi.

Tuliondoka asubuhi, umande bado mweupe kwenye majani. Mwanangu, nimeendesha baiskeli maisha yangu yote lakini ile asubuhi sijui niielezeje. Tulipoiacha barabara kubwa, kelele zote zilikatika. Ikabaki mlio wa mnyororo na upepo. Vilima vinapanda na kushuka mpaka macho yanachoka, na juu yake yale matuta yetu ya duara ambayo wazee hufukia majani ndani yake ili ardhi inenepe, maelfu kwa maelfu, yamepangwa kilima baada ya kilima. Mwalimu alisimama akavua kofia. Akasema, "Hivi haya yote ni jembe la mkono?" Nikasema ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyeyalima yote peke yake.

Sasa nifike kwenye kosa. Kwetu, kijana aliye juu ya baiskeli akikutana na mzee hushuka. Huiweka baiskeli pembeni, huchutama, hupiga makofi taratibu na kutoa shikamoo. Mzee humuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi, nyumbani hawajambo, na mwisho humweleza habari za njia. Nililelewa hivyo. Lakini siku ile niliona kila mzee ni mtego. Nikishuka ataniuliza ninakwenda wapi, nitajibu malungu, atauliza malungu ya nani, na hapo Mwalimu atagundua kuwa kiongozi wake hajui kitu. Mtu wa Mbeya anaweza kuuliza njia Ufipa bila aibu. Mfipa kuulizia Ufipa, mbele ya mtu wa Mbeya, niliona ni heri nife.

Kwa hiyo nilipiga kengele. Mzee anapalia bustani yake, kengele. Bibi amebeba kuni, kengele. Pale penye kanisa la matofali ya kuchoma palikuwa na mzee ameketi anatengeneza mpini wa jembe, akainuka kabisa na kuniinulia mkono. Nikampigia kengele mara mbili, nikapita. Mwalimu aliponiuliza mbona hatusimami, nilimwambia tukisimama kila mahali hatutafika.

Na kweli hatukufika. Saa sita ilitukuta tunazunguka, njia imekuwa kijia na kijia kimeishia kwenye shamba la ulezi. Nilimwambia Mwalimu tumekaribia. Yeye akaona mwanga umefunguka mbele ya miti, akaegesha baiskeli na kutangulia kwa miguu. Mara nikamsikia anasema, "Ee Mungu wangu." Nikamfuata.

Nchi ilikuwa imeishia pale. Hatua chache mbele yetu uwanda wote ulikatika ukaporomoka, na chini kabisa, chini ya mawingu, mwanangu, mawingu yalikuwa chini yetu, lilitanda bonde la Rukwa mpaka upande wa pili usioonekana. Vipande vya ziwa viling'aa humo. Njia ya kwenda Muze, kijiji cha huko bondeni, ilikuwa uzi. Nikashika mti. Niliona aibu, maana nilizaliwa mwendo wa nusu siku kutoka pale na hakuna siku niliyowahi kujisumbua kwenda kutazama. Mwalimu alikuwa ameketi chini analia kimyakimya bila kujificha.

Ningekuwa na akili ningeketi naye. Badala yake nikakumbuka kazi. Nilihitaji kuyaona malungu kabla Mwalimu hajafuta machozi. Nyuma yetu, kwenye kona ya lile shamba, kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mimi mara mbili, nyasi zimeota juu. Nikasema nipande nichungulie. Nikaweka mguu kwenye tundu moja chini, mkono kwenye tundu jingine, nikajivuta. Nilipofika juu na kukanyaga ukingo, ukameguka. Nilianguka pamoja na bonge la udongo ukubwa wa ngoma, na bonge likapasuka vipande viwili.

Nilipoinuka ndipo nilipoona kuwa ndani ni wazi, peusi kwa moto. Chini, kuzunguka miguu yangu, kulikuwa na mavi ya chuma, yale masalia ya kuyeyushia, yaliyoganda kama uji. Nilikuwa nimelitafuta ilungu asubuhi nzima, na nilipolipata nililipanda nikalivunja.

"Nyinyi wa baiskeli, salamu mmeiacha mjini?"

Mwanamke mzee alikuwa anatoka katikati ya ulezi, kisu cha kuvunia mkononi. Mwalimu naye alikuwa anarudi. Yule bibi alitazama tanuri, akatazama udongo chini. Akauliza nani amefanya hivi.

"Shikamoo bibi. Tumelikuta hivi hivi," nikasema.

Suruali yangu ilikuwa nyekundu kwa udongo kuanzia kiunoni. Hakuniita mwongo. Aliniuliza jina la baba yangu, nikamtajia, akaitikia kwa kichwa kwamba anamjua. Kisha akachutama, akakigeuza kipande kimoja cha lile bonge, akakipangusa polepole kwa kiganja mpaka nikatamani anipige.

"Njoo uone," akasema. "Huyu ni baba."

Upande wa ndani, ambao haujawahi kuona jua tangu ulipokandikwa, kulikuwa na alama za vidole. Vitatu, kisha vitatu, kisha vitatu, vimeshuka sambamba, mistari ya ngozi ikionekana bado. "Kidole chake cha mwisho kilikatwa na panga ujanani," akasema. "Ndiyo maana vitatu. Mimi nilikuwa mdogo, nilileta maji ya kukandia udongo. Moto ulipowashwa sisi wa kike hatukuruhusiwa kusogea, nikaishia kuutazama moshi kutoka nyumbani. Mkono wake huu nilikuwa sijauona tena mpaka leo." Akanishika kiganja, akaweka vidole vyangu ndani ya vile vya baba yake. Vilienea.

Mwanangu, nilihisi hofu ambayo sijaihisi tena hata kanisani. Mtu amekufa zamani, jembe lililotoka kwenye moto wake labda ndilo lililolima matuta yale niliyoringia asubuhi, na kidole changu kiko ndani ya kidole chake. Nikasema, "Bibi, ni mimi. Nimelipanda nikidhani kichuguu. Sikujua. Mwalimu, malungu siyajui. Sijui njia hata moja."

Jina lake Skolastika, Bibi Skola. Alikuwa akilima kulizunguka lile tanuri miaka yote, anaacha duara bila kuligusa, na wanawe wakimcheka kwa kupoteza ardhi. Alimgeukia Mwalimu. "Huyu mtoto ni wetu," akasema, "lakini wageni wako usimpe bado."

Hivyo ndivyo nilivyoikosa kazi ile. Mwalimu hakunikemea. Alisema tu turudi kwa njia ile ile tuliyojia, na safari hii tushuke. Tukashuka kila mahali. Tulikaribishwa togwa ya ulezi mpaka tumbo likajaa, na hakuna aliyenikumbusha kengele yangu, isipokuwa yule mzee wa kanisani. Alinitazama akacheka. "Asubuhi nilikuinulia mkono nikuambie njia ya malungu ni hii hapa mlangoni kwangu. Yapo matatu. Nikasema labda kijana anawahi kwa wakwe."

Kiangazi kile na kilichofuata nilikwenda kwa Bibi Skola kila nilipopata nafasi, nikamsaidia kuvuna, naye akanituma kwa mzee huyu na yule, nizijue njia na niwajue wenye njia. Kiangazi cha tatu Mwalimu aliniita, na tangu hapo nimeongoza wageni mpaka magoti yaliponigomea.

Lakini hilo siyo ninalotaka ulishike. Mvua za mwaka ule wa tatu zilikuwa kubwa. Maji yaliingilia pale pale nilipomegua, yakashuka ndani ya ukuta, na asubuhi moja ilungu la Bibi Skola lilikuwa rundo la tope. Nilikwenda mbio nilipopata habari. Nilimkuta ameketi jikoni, nikachutama mlangoni. Yeye ndiye aliyenibembeleza. "Lilikuwa zee, mwanangu," akasema. "Lingeanguka tu." Tulijua sote wawili kuwa hasemi kweli, na mimi huo wema wake sijaumaliza kuulipa mpaka leo.

Basi sikia. Ukiwa na wageni, mwonapo mzee, shuka, na wao washuke. Usione aibu kusema sijui katika nchi ya kwenu. Mimi niliona aibu hiyo kwa asubuhi moja tu, na kitu kilichosimama tangu kabla baba yangu hajazaliwa kikaanguka. Ramani yako itakuonyesha njia inapopita, lakini haitakuambia ulichokanyaga ni mkono wa nani. Kila kichuguu kwako kiwe cha mtu mpaka umeuliza. Na ukifika pale ukingoni, waache wageni watazame bonde mpaka waridhike, wala usiwaharakishe kwa sababu ya ratiba. Kisha warudishe nyuma kidogo, uwaonyeshe lile shamba la ulezi ambalo halina kitu cha kuonyesha. Wajukuu wa Bibi Skola sasa wanalima mpaka katikati, na sina ubavu wa kuwalaumu.

Hapo, mwanangu, usinisitiri. Najua unanipenda na utataka kusema ni mvua. Sema lilivunjwa na baba yako mkubwa, mtaje kwa jina, alikuwa kijana na alikuwa hajui njia.

Haya, nenda. Mungu akupe pumzi ya vilima vyote hivi, na breki zisikusaliti kwenye miteremko. Wazee wa vijiji utakavyopita wakuone unakuja kwa mbali na waanze kuandaa kiti. Na hiyo Rukwa isizoeleke machoni pako hata uwapeleke wageni mara elfu.