Jicho la Mama Mjini Eskişehir

Sisi tuliokulia Bukavu enzi zile hatukuwa na njaa yetu wenyewe. Njaa ilikuwa mali ya mama. Tukitembelea watu, ikiletwa sahani ya mandazi, hukuitazama sahani, ulimtazama mama. Jicho likitulia, chukua moja. Likikaza, sema, "Asante, nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma. Siku moja nilichukua andazi la tatu. Pale pale mama aliendelea kutabasamu. Njiani ndipo aliponibana sikio: "Umenivua nguo mbele ya watu!" Hadi leo masikio yangu hayalingani, au labda ndivyo nilivyozaliwa.

Watoto wetu, tuliowalea Johannesburg baada ya kuhamia Afrika Kusini, hawajui jicho. Ukitaka mtoto aache soda, lazima umweleze sababu, akubaliane nawe, kisha aendelee kunywa. Binti yangu Neema alikua hivyo katika vyumba vyetu vya kupanga mtaa wa La Rochelle, akisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Kisha akaenda kusoma Eskişehir, Uturuki. Mwaka 2017 nilikwenda kumwona, na agizo la mama yake: "Muulize kama atarudi. Usije bila jibu."

Eskişehir ilinichanganya mara moja. Mji mzima ni wanafunzi, kwenye tramu, mikahawani, kando ya mto, wanacheka kana kwamba mitihani ni ya watu wengine. Mimi na digrii yangu tuliuliza mto uko wapi huku tumesimama juu ya daraja lake.

Neema alinipeleka kwa jirani yake, Mama Emine, anayempikia kila Jumapili. Ikaja chiborek: chapati nyembamba iliyokunjwa na nyama ndani, ikakaangwa hadi ikavimba. Nikasema nimeshiba, kama nilivyolelewa. Mama Emine akashika kifua kana kwamba nimemletea habari ya msiba. Basi nikauma katikati. Mchuzi ukarukia tai. Nikakimbilia glasi ya maziwa nikitegemea mashanza, maziwa mgando ya kwetu, kumbe yametiwa chumvi! Nikamaliza sahani kwa heshima, ikajazwa. Nikamaliza tena, ikajazwa tena.

"Papa, kula polepole," alisema Neema, akamgeukia Mama Emine kwa Kituruki kilichotiririka kuliko Kiswahili chake chote. Wakacheka. Mama yule akampapasa shavu.

Nikaogopa. Nikasema kwa Kiswahili, maana hakuna mwingine angeelewa: "Neema, mama yako anauliza kama utarudi."

Alinikazia jicho. Lile lile la mama yangu kule Bukavu, kope nusu, tabasamu mahali pake. Nikachukua chiborek nyingine.

Njiani nilisubiri kubanwa sikio. Akanishika mkono tu. "Eish, Papa. Mama Emine akisikia tu 'mama yako' anajua tunasema habari ya kurudi, atalia. Ambia Mama bado sijui."

Enzi zetu njia ya kurudi ilimaliza mambo yote: kosa lilitajwa, sikio liliuma, na nyumbani palikuwa pale pale tulipopaacha. Sasa nilikuwa naongozwa na mtoto, tai ina mafuta, na hata mimi sikuwa na hakika kama kurudi ni Johannesburg au Bukavu.

Nilipofika La Rochelle nilimwambia mke wangu kwamba Neema bado hajui, ila ana jicho la marehemu mama yangu.

"Mama yako alikufa Neema hajazaliwa," akasema. "Nani alimfundisha?"

Nikajipapasa sikio.