Rukia Wakoli na Ishara ya Nabii Musa

Rukia Wakoli ana miaka thelathini na sita, na kwa miaka thelathini watu wengine wamekuwa wakisema kwa niaba yake. Alipoteza usikivu akiwa na miaka sita, baada ya homa ya uti wa mgongo, nyumbani kwao Chwele. Tangu hapo dada yake mkubwa, Saumu, ndiye aliyekuwa mdomo wake dukani, zahanati na shuleni.

Saumu alikuwa mtu wa haraka. Mara nyingi alijibu kabla hajamuuliza Rukia. Rukia alipokuwa na miaka ishirini na mbili, fundi mmoja wa baiskeli alikuja kuposa, na Saumu akamwambia kwamba mdogo wake hataki kuolewa. Rukia alikuja kujua miaka miwili baadaye, kwa kusoma midomo ya shangazi yake kwenye harusi ya fundi huyohuyo.

"Na hakuwa mbaya," anasema kwa mikono, akicheka. "Masikio makubwa tu. Yangetutosha wote wawili."

Leo anashona sare za shule mjini Kitale, cherehani yake ikiwa kwenye veranda ya duka la vitambaa. Viziwi hawaitani kwa kutamka. Kila mtu hupewa ishara yake, na ishara hiyo hutolewa na viziwi wenzake baada ya kumtazama kwa muda. Ya Rukia ni vidole viwili vinavyovuta uzi kutoka kwenye meno, kwa sababu hajawahi kutumia mkasi kukata uzi. Kwa hiyo darasa la dini lilipofunguliwa katika chumba cha nyuma cha msikiti mmoja wa Kitale, swali la kwanza la wanawake kumi na mmoja waliojiandikisha lilikuwa la kawaida kabisa kwao: manabii wana ishara gani?

Mwalimu wao, Ustadh Idi Wangila, hakujua lugha ya ishara. Mkalimani wa darasa alikuwa Phelista, mwalimu wa shule ya msingi na muumini wa kanisa la Friends, aliyekuja kila Jumamosi kwa kujitolea. Ustadh alianza na lakabu za manabii, majina ya heshima yanayoeleza kila mmoja alivyokuwa mbele ya Mungu. Ibrahim ni Khalilullah, kipenzi cha Mwenyezi Mungu. Hilo lilipata ishara kwa dakika tano. Musa ni Kalimullah, aliyesemeshwa na Mwenyezi Mungu. Hilo lilichukua Jumamosi mbili.

Phelista alijaribu kwanza. Alionyesha juu, akaonyesha mdomo, akamalizia kwa kugusa sikio. Wanawake wakatazamana. Rukia akatikisa kichwa.

"Tena sikio?" aliuliza. "Hata huko?"

Phelista alimgeukia Ustadh. "Wanasema hii haiwafai. Wanauliza, si manabii wengine pia waliambiwa maneno na Mungu? Musa ana nini cha zaidi?"

Ustadh alieleza kwamba manabii wengine waliletewa ujumbe na malaika Jibrili. Musa, kule mlimani, alisemeshwa moja kwa moja. "Hapakuwa na mtu wala malaika katikati," alisema. "Heshima yake iko hapo."

Phelista alipofikisha neno "katikati", Rukia alisimama. Alimwomba arudie. Kisha akainua mkono wa kulia juu, kiganja kikitazama chini, na kuweka wa kushoto kifuani, kiganja kikitazama juu. Akamwambia jirani yake aweke mkono wake kati ya viganja hivyo viwili. Halafu akausukuma mkono huo kando, na kuviacha viganja vyake vikitazamana, pasipo kitu katikati. Darasa zima likarudia. Ishara ya Nabii Musa ilikuwa imepatikana.

Miezi saba baadaye kamati ya msikiti ilitaka chumba chake. Mwenyekiti alisema wazi kwamba haoni faida. "Wanakaa tu wanapunga mikono," alimwambia Ustadh. "Si utuonyeshe kile wamesoma." Makubaliano yalikuwa haya: mashindano ya madrasa za watu wazima yangefanyika Bungoma mwezi wa Maulidi. Mwanafunzi mmoja wa darasa hilo aingie upande wa wanawake. Akiwa katika watatu wa kwanza, chumba ni chao. Asipokuwa, kitakuwa stoo ya mikeka.

Wanawake hawakupiga kura. Wenzake Rukia wote kumi walifanya ishara ya kuvuta uzi kutoka kwenye meno.

Ukumbi wa Bungoma ulikuwa na wanawake karibu mia mbili. Kila mshindani aliulizwa maswali matatu, alama kumi kila moja. Rukia alijibu la kwanza bila kosa. La pili, kuhusu hesabu ya rakaa, alipoteza alama mbili. Kabla ya la tatu, mwalimu wa kikundi kimoja cha Bungoma akanyanyua mkono.

"Maalim, samahani. Huyo madam anayemsemea amekaa darasani kwao miezi saba. Sasa sisi tutajua aje ni nani anajibu?"

Ukumbi ulivuma. Phelista alitaka kujitetea, lakini jaji mkuu, Maalim Ramadhani Mukhisa, aliona hoja ina uzito. Aliamua swali la tatu lisubiri hadi apatikane mkalimani mwingine. Phelista akapelekwa mlango wa nyuma na kuombwa atazame ukuta. Alikubali, anasema, ingawa kwa mara ya kwanza tangu aolewe alitamani kumpiga mtu.

Mmoja wa waandalizi alimjua Linah Nyaruai, karani wa hospitali anayewasaidia wagonjwa viziwi. Linah alifika kwa bodaboda baada ya nusu saa, bado amevaa beji ya kazini.

"Lakini mimi ni wa kanisa la PCEA, bana," alimwambia jaji. "Hizi maneno zenu hata sizijui."

"Si ndiyo vizuri," akasema Maalim Mukhisa, na ukumbi ukacheka. Akafungua karatasi. "Nabii Musa ana lakabu gani, na kwa nini alipewa lakabu hiyo?"

Rukia aliinua mikono miwili, akafanya ishara yao. Viganja vilitazamana.

Linah alikunja uso. "Hiyo siijui. Bungoma hatuna hiyo."

Hakukosea. Ishara hiyo ilizaliwa katika chumba kimoja cha Kitale na haikuwa imetoka nje ya mlango wake. Kule mwisho wa ukumbi Phelista, aliyeijua, alikuwa akitazama rangi ya ukuta. Jaji wa pili alishika kalamu. Rukia aliiona kalamu ile.

Alitaja jina herufi moja moja kwa vidole, na Linah akazisoma kwa sauti hadi neno likakamilika: Kalimullah.

"Sawa, alama tano," alisema Maalim Mukhisa. "Na kwa nini?"

Rukia alimshika Linah mabega, akamsimamisha kati yake na meza ya majaji. Akamwonyesha jaji, akamwonyesha Linah, akajionyesha mwenyewe. Kisha akamsogeza Linah kando kabisa, hatua tatu, na kwenda kusimama mbele ya Maalim Mukhisa ana kwa ana. Ndipo akamrudisha Linah na kuanza kueleza.

Linah alisoma mikono polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Anasema: kutoka niwe na miaka sita, kila mtu akitaka kuniambia kitu anapitia kwa mwingine. Hata wewe, Maalim, sasa hivi unapitia kwa huyu. Manabii waliletewa maneno na malaika. Musa aliambiwa na Mungu mwenyewe, bila mtu katikati. Ndiyo maana ya hilo jina. Anasema heshima yake si masikio. Heshima ni kwamba Mungu hakutuma mtu."

Maalim Mukhisa aliinama mbele. "Lakini Musa alikuwa na uzito wa ulimi. Si aliomba ndugu yake Harun amsaidie kusema?"

Rukia hakusubiri Linah amalize kutafsiri. Alikuwa ameona jina Harun midomoni mwa jaji.

"Anasema: hiyo ilikuwa kwa Firauni," Linah alisema, na sauti yake ikapanda bila yeye kutaka. "Kwa watu alihitaji Harun. Kule mlimani alienda peke yake."

Mwanamke mmoja safu ya mbele alitoa takbiri, na ukumbi mzima ukaitikia. Rukia aliijua kupitia sakafu, miguuni mwake. Alipogeuka, wanawake mia mbili walikuwa wamenyanyua mikono, na wengi wao walikuwa wakijaribu, vibaya, kutazamanisha viganja viwili.

Alipata alama ishirini na nane, nafasi ya pili. Mwalimu yule aliyepinga alikuja kumwomba amfundishe ile ishara vizuri. Rukia alimfundisha, akamrekebisha mkono wa kushoto mara tatu.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti wa kamati alifika darasani Kitale akiwa na ufunguo. Alimgeukia Phelista. "Mwambie Rukia kwamba kamati imekubali..."

Phelista alinyanyua mikono aanze. Rukia akamwashiria aketi. Alivuka chumba, akasimama mbele ya mwenyekiti, akamtazama usoni, akasubiri. Mwenyekiti aligeuka kutafuta msaada na hakuupata. Mwishowe akanyoosha mkono na kumwekea ufunguo kiganjani.