Habari za Baba Ziliishia Migombani

Enzi zetu habari zilikuwa na adabu. Zilikuja mara moja kwa siku, jioni, zikasema zilichonacho, zikaondoka. Wenzangu mliozaliwa ukimbizini kule Karagwe, mkarudi Kigali mkiwa watu wazima, mtaniunga mkono. Kwetu redio ilikuwa moja tu, imevishwa kitambaa cha kufuma utadhani bibi harusi, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Kazi yetu ilikuwa betri. Zikichoka tulizianika juani kwenye ungo, na kaka yangu alikuwa akiziuma ubavuni eti zirudiwe na nguvu. Na zilirudiwa kweli! Vijana wa leo simu ikibaki na moto kidogo wanatokwa jasho. Sisi betri zilezile zilitufikisha mwisho wa mwezi.

Jioni zile nazikumbuka kwa pua. Moshi wa kuni, ndizi zinazotokota na maharage, na msimu wa senene, harufu ya kikaango iliyotutoa kwenye mchezo wa rede bila kuitwa. Mama alikuwa na sheria moja: hakuna kuuliza habari kabla ya kula. "Kuleni kwanza, dunia haihami," alikuwa akisema, naye alikwisha kuhama mara mbili.

Baba alisikiliza taarifa ya habari peke yake, nje, sikio karibu liguse spika. Ikiisha alizima redio, akaifunika kitambaa chake, kisha badala ya kuja kuketi nasi akaenda kuizunguka migomba. Sisi tulihesabu. Mzunguko mmoja, mambo si mabaya. Kuna siku alizunguka mara nne, chakula kikapoa. Tulidhani anawinda wezi wa ndizi, tukamcheka chinichini, maana ni mwizi gani anayekuja wakati wote wako macho? Akiingia alinawa mikono, akasema, "Haya, leo nani kachapwa shuleni?" Basi. Kilichosemwa redioni hatukukijua, na tulilala fofofo.

Leo nauza vitenge soko la Kimironko, hapa Kigali, na simu nimeiegemeza kwenye jora tangu asubuhi. Tuna kundi la ukoo la WhatsApp. Wa Kampala wanatuma, wa Mwanza wanatuma, na mimi nasambaza hata kabla sijamaliza kusoma, nisije nikawa wa mwisho kujua. Vita vya huku, mafuriko ya kule, ugonjwa usio na jina. Video moja niliisambaza mbiombio, binamu yangu akanijibu kuwa ni ya zamani sana. Unadhani niliacha? Thubutu! Nilimkatia mteja yadi nne badala ya sita, macho yakiwa kwenye simu. Presha ikapanda, nesi akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia hapana, ni habari tu. Tulicheka wote wawili. Nilidhani moyo unaodunda ni wangu peke yangu.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, nilitoka kufyeka mtaro na majirani, nikachukua begi la shule la Keza, binti yangu wa miaka minane, nilifue. Lilikuwa zito. Ndani hamna daftari hata moja. Kulikuwa na sweta, ndala, biskuti, chupa ya maji, na kitenge changu kimoja kimekunjwa vizuri. Nikamwita.

"Ni ya kukimbia nayo," akasema, kama anayenieleza kazi ya mwalimu. "Mama, vita ikikuja, tutapanda basi Nyabugogo ama tutaenda na mguu? Nilikuwekea kitenge, usisikie baridi."

"Nani amekuambia vita inakuja?"

"Simu yako. Inasema kila siku tukiwa tunakula."

Nilikaa chini palepale uani nikalia mbele ya mtoto, na sioni aibu kulisema. Nilipotulia nikamweleza kwamba mengi ya kwenye simu ni ya mbali, na mengine si ya kweli kabisa. Tukatoa vitu pamoja. Sweta ikarudi kabatini, biskuti tukazila. Chupa ya maji akaishika. "Hii tuiache kwanza," akasema. Nikaiacha.

Wiki ya tatu sasa simu naizima kabla hatujakaa kula, na kundi la ukoo wananiuliza kama ninaumwa. Keza anacheka tena, anasimulia ya shuleni mpaka chakula kinapoa. Lakini jana nilipolifungua begi lake, niliikuta ile chupa imejazwa maji mapya.

Baba aliijua vita yenyewe, akatuficha. Mimi naijua ya kwenye simu tu, nikampakulia mtoto pamoja na chakula. Nilizaliwa ukimbizini, kwenye nyumba ya udongo isiyo na kitasa, na sikuwahi hata siku moja kupanga begi. Yeye amezaliwa kwao.